Pipi ya Mjomba

Tulimwacha Fundi Viatu kapiga goti sakafuni, kiatu chekundu mkono wa kulia, mguu wa binti yake mkono wa kushoto, na kidole cha Bibi Dawa kimeelekea kichwani kwa mtoto huyo huyo.

"Huyu," Bibi Dawa alikuwa amesema. "Ndiye tunayeondoka naye leo."

Tusipoteze muda, maana Fundi mwenyewe muda hana.

Kwa wewe ambaye gazeti lako la wiki iliyopita liliishia kufungia nyama buchani, mambo yako hivi. Mtoto anaitwa Kasuku, jina alilopewa na wenzake pale kwenye makao ya watoto yatima, kwa sababu ukimfundisha neno asubuhi atalisema hivyo hivyo mpaka jioni bila kukosea. Fundi Viatu ni baba yake. Baba wa kumzaa kabisa, si wa kambo. Lakini pale makaoni hakuna anayelijua hilo. Wote wanamjua kama mjomba, kaka wa marehemu mama yake.

Uongo huo aliutunga mwenyewe. Siku alipomleta mtoto, mkewe alikuwa ametoka kuzikwa, na yeye kifua kinamla, anakohoa damu, kitanda cha hospitali kinamsubiri na nyumbani hakuna wa kumwachia mtoto. Makao yale hupokea waliofiwa na baba na mama tu. Mwenye mzazi hai haingii ndani ya geti, hata mzazi huyo awe hoi bin taabani. Basi akajiua kwa mdomo wake mwenyewe. Alimwambia Mama Mlezi, msimamizi wa makao, kwamba baba wa mtoto naye amekufa, yeye ni mjomba tu, na ukoo mzima umeshindwa, makao yafanye yatakavyoona.

Halafu akapona.

Wapo walionisimamisha njiani kuniuliza kwa nini hakusema ukweli alipopona. Jamani. Alitoka hospitali akakuta chumba kimepangishwa mtu mwingine, akahamia kulala kwenye kibanda anachoshonea viatu, miguu nje, kichwa ndani. Huku makaoni mtoto anakula akashiba, analala ndani ya chandarua, anakwenda shule. Akasema kwanza nipate chumba. Alipopata chumba akasema kwanza nipate kitanda. Kitanda kikaja, akasema kwanza pazia, mtoto wa kike hawezi kulala bila pazia. Juzi pazia limetundikwa. Leo alikuja amejipanga kumwambia Mama Mlezi kila kitu, zawadi zikishamaliza kugawiwa.

Angesema kabla ya zawadi, mimi leo ningekuwa nimepumzika.

Zawadi zenyewe zililetwa na wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, kwa hiyo sabuni ilikuwepo ya kufulia kijiji. Lakini walileta na vitu vingine walivyochangishana majumbani: sweta, mikoba ya shule, mwanasesere mwenye jicho moja, na viatu. Viatu vya kuchangwa hufika hoi. Kimoja soli imeachia, kingine kamba imekatika, kingine hakina mwenzake. Hapo ndipo Fundi anapoingia. Huvichukua mapema, huvishona, huvipaka gundi na rangi, bila kudai chochote. Siku ya kugawa hukaa mbele kwenye kigoda chake, mgeni anamkabidhi kiatu, yeye anamvalisha mtoto, picha inapigwa.

Watu humsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Moyo anao. Lakini ukweli ni kwamba hiyo ndiyo kazi pekee mle ndani inayomruhusu kumshika binti yake mguu mbele za watu na asiulizwe na mtu.

Viatu vyekundu alivificha kwa ajili yake. Vilikuja havina vifungio, akabandua vifungio vya mkoba wa marehemu mkewe, akavishonea pale. Kimoja kilikuwa tayari mguuni kwa Kasuku. Cha pili hakikufika.

Fundi aliinuka na kiatu hicho cha pili mkononi, akamwomba Mama Mlezi waongee pembeni.

Waliingia ofisini. Mle mna mzani wa kupimia watoto wachanga, magunia ya unga yaliyokosa stoo, na feni inayogeuza kichwa huku na huku kama mtu anayekataa kitu. Mama Mlezi hakumficha. Bibi Dawa na mumewe wamekuwa wakija makaoni kwa miezi. Ni watu wazuri, mke ana duka la dawa, mume ni daktari wa mifugo, na Mungu hakuwajalia mtoto. Watu wa ustawi wa jamii wameshawakagua mpaka jikoni na wameridhika. Mume amehamishiwa kazi mbali sana, wanaondoka leo leo, na mtoto wanaondoka naye.

Fundi akasema yeye hakubali.

Mama Mlezi alimtazama kwa upole, akamkumbusha maneno yake mwenyewe ya siku ile, kwamba ukoo umeshindwa. "Mjomba huna sauti tena hapo, kaka yangu," alisema. "Mtoto huyu angekuwa na baba hai, geti ningelifunga mimi kwa mkono wangu."

"Anaye," Fundi akasema. "Ni mimi."

Mama Mlezi akakaa.

Fundi akamwaga yote. Kifua, damu, mazishi, uongo, kibanda, chumba, kitanda, pazia. Alieleza na rangi ya pazia. Mama Mlezi alimsikiliza mpaka mwisho, na mama huyu si mtu mbaya, naomba mumwelewe. Lakini amekaa kwenye kiti kile miaka mingi na ameona mengi. Ameona mashangazi wasiojua mtoto ameng'oka meno mangapi wakigeuka mama siku mtoto anapopata watu wenye gari. Ameona mtu wa mtaa wa pili akijiita babu. Alimwambia Fundi hivyo, taratibu, bila kumtukana.

Kisha akawaza. Akasema mtoto wa umri wa Kasuku hawezi kumsahau baba yake.

"Tumuulize mwenyewe. Akisema wewe ni baba, wageni wanarudi mikono mitupu, hata wakinichukia."

Fundi alicheka. Alicheka kwa sauti, mtu aliyekuwa anazama akakanyaga ardhi. Kwani ni nani amjuaye baba kuliko mwanawe? Alijifuta uso kwa mkono wenye gundi, akamwambia Mama Mlezi amwite, amwite hata sasa hivi.

Ewe msomaji wangu, hapa inabidi nikuambie kitu ambacho Fundi alikisahau kwa furaha.

Kila Jumapili ya kutembelea watoto, Fundi na Kasuku hukaa nyuma ya tangi la maji, na kabla ya lolote hufanya mtihani. Mimi nani wako? Mjomba. Baba yuko wapi? Alikufa. Akipatia, anapewa pipi. Hapo mwanzo mtoto alikuwa anateleza. Fundi akamwambia akikosea hata siku moja mbele za watu, yeye atafungwa jela na mtoto atatolewa nje ya geti.

Halafu akaanza kumtega. Siku moja alimwambia hakuna mtu karibu, leo niite baba tu, nimekuja kukuchukua. Mtoto akamrukia shingoni na kuita baba, baba, baba. Fundi akamshusha chini. Akamwambia amekosea, na pipi siku hiyo hakumpa. Mtoto alilia mpaka akapata kwikwi.

"Hata mimi mwenyewe nikikuomba," alimwambia siku ile. "Hata nikilia. Usiseme."

Kasuku hakukosea tena. Alimfundisha vizuri mno, na sasa nenda kamwambie asahau.

Mtoto aliletwa ofisini akichechemea, mguu mmoja na kiatu chekundu, mwingine peku. Bibi Dawa na mumewe walisimama mlangoni. Fundi alikuwa anatabasamu. Mama Mlezi akamvuta mtoto magotini kwake, akamwambia asiogope, hakuna kosa lolote alilofanya, aseme tu ukweli.

"Huyu ni nani wako?"

"Mjomba wangu," Kasuku akasema.

Tabasamu la Fundi lilibaki pale pale, likakosa pa kwenda. Alipiga magoti mbele ya binti yake, akamshika mabega.

"Mama," alimwita, maana ndivyo amwitavyo, jina la kumbembeleza. "Leo sema ukweli. Nimekuja kukuchukua. Tuna chumba. Niite baba."

Maneno yale yale. Neno kwa neno, ya nyuma ya tangi la maji. Na alipoyasikia yakitoka kinywani mwake mwenyewe ndipo alipokumbuka. Akaanza kulia. Akalia mbele za wageni, mwanaume mzima, makamasi na machozi.

Hata nikilia, alikuwa amesema.

Kasuku aliyatazama machozi yale. Midomo ilimcheza, akaing'ata. Halafu pembeni ya mdomo kikatokea kicheko kidogo cha siri, cha mtoto aliyeustukia mtego mapema.

"Wewe ni mjomba," alisema. "Baba alikufa."

Mama Mlezi akageuza uso kwenye magunia.

Fundi alijaribu yote. Alitaja kovu la kuungua lililo gotini kwa mtoto. Alitaja wimbo ambao mama yake alimwimbia. Mama Mlezi akamjibu kwa huzuni kwamba hata mjomba angeyajua hayo. Kama ana majirani au wakunga wa kumtolea ushahidi, aende nao ofisi za ustawi zikifunguliwa, na yeye atamuunga mkono. Leo hana la kufanya. Daktari wa mifugo alitaka kusema neno, akaishia kumpa Fundi mkono. Fundi akaupokea bila kujua anafanya nini.

Usiniulize kwa nini hakumbeba mtoto akakimbia. Niliwaza hivyo hivyo. Lakini binti yake alikuwa amesema, mbele ya watu watatu, kwamba si baba yake. Mtu anakimbia na nini hapo?

Bado jambo moja.

Makao yale yana utaratibu wao wa tangu zamani. Mtoto anayepata nyumba haondoki na zawadi za makao, anawaachia wanaobaki, kwa sababu anakokwenda atapata zake. Mkoba wa Kasuku ukarudishwa mezani. Sabuni zikarudishwa. Bibi Dawa alikuwa amekuja na viatu vipya, vyeupe, bado vina karatasi ndani. Na kuvua na kuvalisha viatu mle ndani ni kazi ya nani? Mnaijua.

Alirudi kwenye kigoda. Ukumbi ulijaa kelele za watoto na zawadi zao, mtu anapuliza filimbi, mwingine ananyang'anywa mwanasesere. Kasuku akakaa kwenye benchi, akamnyooshea baba yake mguu wenye kiatu chekundu. Fundi akainama kufungua kifungio. Mtoto naye akainama, mpaka vichwa vikagusana.

"Nimepatia?" akanong'ona.

Vidole vya Fundi vikakwama.

"Mama, nisikilize. Leo ilikuwa..."

"Nilitaka kusema," Kasuku akamkatiza, sauti imejaa pumzi. "Ulivyolia nilitaka kusema kabisa. Nikajibana. Nikakumbuka watakufunga."

Fundi hakuweza kuinua uso.

"Sasa pipi yangu iko wapi?"

Pipi ilikuwepo. Mfuko wa shati, upande wa kushoto, aliinunua njiani akija. Alikuwa amepanga kumpa leo bila mtihani wowote, iwe pipi ya kawaida, ambayo baba yeyote humnunulia mtoto.

Alikuwa na nafasi moja ya kusema, na ndiyo hiyo. Angeweza kumwambia leo haukuwa mtihani, mama, umekosea. Labda mtoto angepiga kelele ukumbini, labda Mama Mlezi angesikia. Au labda wangesema mjomba amemshawishi, wakamvuta mtoto mpaka garini, na njia nzima angekaa na watu asiowajua akijua kwamba mdomo wake mwenyewe ndio uliomtoa kwa baba yake. Mzigo huo mtu mzima unamlemea. Fundi alitazama vidole vile vya miguu alivyovijua, kidole cha pili kirefu kuliko cha kwanza kama cha mama yake, akapiga moyo konde.

"Umepatia," alisema. "Leo umepatia kuliko siku zote."

Akampa pipi.

Kasuku aliifungua hapo hapo, akaitia mdomoni, shavu likavimba. Fundi akamvalisha viatu vyeupe. Akabonyeza mbele kwa dole gumba kuona nafasi iliyobaki, kama anavyofanya kwa kila mtoto. Nafasi ilikuwepo ya kukulia, na atakavyokua ndani yake yeye hatakuwepo kuona. Hapo mimi mwenyewe niliweka kalamu chini kwanza.

"Utakuja Jumapili?" mtoto akauliza.

"Nitakuja."

Uongo mwingine, na huu hakupata hata muda wa kuufanyia mazoezi.

Gari likatoka. Watoto walilikimbiza mpaka getini, wengine wakipunga vipande vya sabuni. Fundi alibaki amekaa, viatu vyekundu mapajani. Mama Mlezi alikuja akamwekea mkono begani. Halafu akamwambia, kwa sauti ya chini sana, kwamba wapo watoto ambao bado hawajapata viatu.

Kwenye benchi alishakaa mwingine, mdogo kuliko Kasuku, amenyoosha mguu tayari. Fundi akamvalisha vile vyekundu. Akafunga vile vifungio vya mkoba wa mkewe, kimoja, na cha pili.

"Vinakubana?"

"Hapana," mtoto akasema. Kisha akaongeza kama alivyofundishwa, "Asante, Mungu akuzidishie."

Mgeni mmoja akapiga picha.

Sasa twende garini, haraka, kabla halijafika mbali.

Daktari wa mifugo anaendesha. Nyuma amekaa Bibi Dawa, na Kasuku pembeni yake, miguu haifiki chini, viatu vyeupe vinaning'inia. Bibi Dawa hajui aanzie wapi. Miaka yote ameomba mtoto, na leo mtoto huyu hapa ananukia pipi. Akamuuliza nani amempa pipi.

"Mjomba. Hunipa nikijibu vizuri."

"Ukijibu nini?"

Kasuku akageuka nyuma. Geti halionekani tena, wala ukuta, wala tangi la maji. Akaitoa pipi mdomoni, akaikagua, akairudisha.

"Wewe unakaa pale kwetu makaoni?"

"Hapana, mwanangu. Mimi si wa pale."

"Basi nikikuambia wewe, hawatamfunga?"

Bibi Dawa akasema hakuna atakayemfunga mtu. Alisema tu, jinsi watu wazima wanavyowaambia watoto. Kasuku akapiga magoti juu ya kiti, akamshika mama yule shingo kwa mikono yote miwili, akaweka mdomo sikioni mwake. Alisema neno moja. Halafu akarudi akakaa, mwepesi kabisa, mtoto aliyetua kitu kizito.

"Usimwambie mtu," alimwonya. "Ni siri."

Sikio la Bibi Dawa lilikuwa bado lina joto la pumzi ya mtoto. Mbele yao palikuwa na mzunguko wa barabara, pale ambapo gari likitaka kurudi lilikotoka ndipo linapozungukia. Mumewe alikuwa ameshapunguza mwendo. Akamtazama mkewe kwenye kioo, akaona amebadilika sura.

"Kuna nini? Mtoto anasemaje?"

Bibi Dawa alimtazama Kasuku. Akanyoosha mkono, akamfuta utamu midomoni kwa dole gumba, taratibu, mara ya kwanza maishani mwake kumfuta mtoto mdomo. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Anasema pipi ni tamu," akajibu. "Wewe endesha."